Kulazwa, Karantini na Kufuatiliwa: Maneno ya Mlipuko na Maana Zake

Mhadhara wa hadhara, Mubuku, Wilaya ya Kasese



Nimeombwa nizungumzie tofauti za maana kati ya maneno ya Kiingereza ambayo watu huyalinganisha na mara nyingi huyachanganya. Mada hii ni pana. Walimu waliopo hapa wanaweza kukesha wakibishana juu ya “borrow” na “lend”, maneno mawili ambayo Mswahili huyasema yote kwa kitenzi kimoja, kuazima. Anayekosea hapo hupoteza alama moja ya mtihani, akajisahihisha, maisha yakaendelea. Leo nimechagua maneno ambayo akiyachanganya mtu hupoteza zaidi ya alama. Ni yale yanayotufikia pamoja na ugonjwa: “isolation” na “quarantine”, “suspect” na “suspected case”, “screening” na “testing”.

Mimi ni mtu wa lugha, si daktari. Mambo ya kitabibu nitakayoyataja ni yale yaliyokwisha kutangazwa na wizara za afya na Shirika la Afya Duniani. Langu ni kuonyesha kwamba katika Kiingereza maneno haya yana mipaka, kwamba mipaka hiyo hufutika tunapoyaleta nyumbani kwa haraka, na kwamba Kiswahili kina uwezo wote wa kuirudisha.

Yaliyotokea Bwera

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini. Ulidumu karibu miaka miwili, hadi tarehe 25 Juni 2020, ukawapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Beni na Butembo ni miji ambayo watu wa wilaya hii wana mashemeji, wateja na wadeni humo. Lori linalopita hapa Mubuku likitoka Fort Portal, likifika Mpondwe linavuka mto Lhubiriha, na ng'ambo ya pili ni Kasindi. Mkonzo wa huku na Mnande wa kule huelewana bila mkalimani. Mpaka ule ni wa serikali. Ndugu wameuvuka siku zote.

Mwezi Juni 2019 familia moja ilikuwa ikirudi Uganda kutoka Kongo, ambako mzee wao alikuwa amefariki kwa Ebola. Walipofika Kasindi, wale walioonekana kuwa na dalili waliwekwa kando katika kituo cha afya, wasubiri kupelekwa kwenye kituo cha matibabu Beni. Kabla ya safari hiyo, baadhi yao waliondoka wakavuka kuja huku. Tarehe 9 Juni mtoto wa miaka mitano alifikishwa Hospitali ya Kagando. Wahudumu wa pale waliona hatari mapema, akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola cha Bwera. Tarehe 11 Juni vipimo vya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe vilithibitisha kuwa ni Ebola. Mtoto yule alifariki. Bibi yake wa miaka 50 alifariki pia, na mdogo wake wa miaka mitatu, ambaye alikuwa amerudishwa Kongo pamoja na jamaa zake kwa makubaliano ya serikali mbili, naye akafuata. Mwezi Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka tisa aligunduliwa pale Mpondwe akiwa na dalili, akapelekwa Bwera, akafariki. Katika matukio yote hayo mawili ugonjwa haukumwambukiza mtu mwingine ndani ya Uganda.

Hilo la mwisho ni kazi kubwa ya watu wa wilaya hii, na inafaa litajwe kwa heshima: wahudumu waliochanjwa kabla ya ugonjwa kufika, waliosimama mpakani na vipimajoto na ndoo za maji ya klorini, na walioandika majina ya kila aliyekaribiana na wagonjwa. Lakini turudi kidogo Kasindi. Watu wanaugua, wanaelezwa kwamba watawekwa kando na watu wengine. Mtu anayeambiwa “utatengwa” anasikia nini?

Kutengwa kwa Mswahili

Kitenzi kutenga hakina kosa. Mama hutenga chakula, na wageni hukaribishwa mezani. Mkulima hutenga mbegu za msimu ujao. Mzazi hutenga ada ya shule. Ukitenga kitu, umekithamini. Ukimtenga mtu, mambo yanageuka. Muumini aliyetengwa na kanisa amezuiwa sakramenti na watu wote wanajua kwamba amekosa. Mgonjwa wa ukoma wa zamani alitengwa, akajengewa kibanda mbali, chakula akawekewa njiani. Katika ukoo, aliyetengwa haitwi kwenye kikao wala kwenye msiba. Kwa hiyo tangazo la redio linaposema “wagonjwa watatengwa”, mwandishi wake alikusudia tiba, na msikilizaji amesikia hukumu.

Kiingereza kina maneno mawili mahali hapa. “Isolation” ni ya mtu anayeumwa, au mwenye dalili, anayewekwa mbali na wengine ili atibiwe na asiwaambukize. “Quarantine” ni ya mtu mzima wa afya, asiye na dalili yoyote, ambaye huenda alikutana na ugonjwa, kwa hiyo anazuiwa kutembea hadi muda wa hatari upite. Wa kwanza anatolewa na vipimo na kupona. Wa pili anatolewa na kalenda. Wa kwanza anahitaji daktari, dawa na maji ya mishipani. Wa pili anahitaji chakula, maji, mtu wa kumlishia mbuzi wake na hakika ya tarehe ya kutoka.

Sasa tazama kinachotokea tukiyaita yote mawili kutengwa. Mwenye afya anaogopa kwamba atalazwa pamoja na wagonjwa, naye anakimbia. Mgonjwa anadhani amewekwa mahali pa kungojea siku zipite, naye anaona ni bora angojee kwake. Majirani wanadhani kila aliyetajwa ana ugonjwa, nao wanaacha kununua ndizi zake. Makosa matatu yenye madhara yamezaliwa na neno moja lililobebeshwa mzigo wa mawili.

Kwa mgonjwa, neno tunalo, na kila mtu analijua: kulazwa. Tunasema “amelazwa Kagando”, “amelazwa Kilembe”, na anayesikia hujiandaa kwenda kumwona na kumpelekea uji. Neno lile lina tiba ndani yake na lina matumaini ya kurudi nyumbani. Napendekeza tuseme mgonjwa wa Ebola amelazwa katika wodi ya peke yake. Ukweli wote umo: yuko hospitalini, anatibiwa, halali na wengine. Na mahali pengine majengo yenyewe yamelifuata wazo hilo. Kule Beni, katika mlipuko ule, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu. Mama aliweza kusimama nje akamwona mwanawe, akaongea naye, akaona anayemhudumia anafanya nini. Aliyelazwa hivyo yuko peke yake chumbani, lakini ndugu zake hawajaambiwa wamsahau.

Safari ya neno karantini

Kwa mwenye afya aliyezuiwa, neno karantini limekwisha kuwa letu, tulitumie kwa maana yake tu. Neno hili ni la zamani. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru wanaotoka penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye miji ya Italia, Venice ikiwemo, ilifanya siku ziwe 40, na hesabu hiyo ya arobaini kwa Kiitaliano ndiyo iliyolipa neno jina lake. Tangu mwanzo, basi, karantini ilikuwa hesabu ya siku. Kuzuiwa kusiko na tarehe ya mwisho ni kitu kingine, na kina jina lake: kifungo.

Pwani yetu ina ushahidi wa jinsi vitu hivi viwili vinavyochanganyika. Mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja kuna kisiwa cha Changuu. Katika miaka ya 1890 lilijengwa jengo pale kwa nia ya kuwa gereza. Wafungwa hawakuwahi kuwekwa humo. Kisiwa kikawa kituo cha karantini kwa hofu ya homa ya manjano iliyoweza kuletwa na meli. Hata hivyo watalii hadi leo wanapelekwa kwenye “Prison Island”, Kisiwa cha Gereza. Waliokaa pale walikuwa wasafiri waliosubiri siku zao ziishe, na jina lililobaki ni la gereza. Taasisi ya Entebbe iliyopima damu ya mtoto wa Bwera nayo ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa hiyohiyo ya manjano. Vita hivi na maneno yake tumekuwa navyo muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Wafugaji wa magharibi ya Uganda wanalijua neno karantini kwa upande mwingine: ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, minada hufungwa na ng'ombe hawaruhusiwi kusafirishwa. Mfugaji anaelewa kwamba ng'ombe wake mzima anazuiwa pamoja na mgonjwa wa jirani kwa kuwa hakuna ajuaye nani amebeba nini. Hapo maana imekaa sawasawa. Tatizo huja serikali zinapolitumia neno kwa mtaa mzima wa watu. Mwezi Agosti 2014, mjini Monrovia nchini Liberia, mtaa wa West Point ulizungushiwa vizuizi na askari, ukaitwa uko karantini. Wagonjwa na wazima walifungiwa pamoja, vyakula vikapanda bei, ghasia zikazuka, kijana mmoja akapigwa risasi akafa, na siku kumi baadaye amri ikaondolewa. Kufunga mtaa ni kufunga mtaa. Tukikuita karantini tunakivunjia heshima kitendo cha busara kilichodumu karne nyingi.

Mwaka 2020, Korona ilipoingia Uganda, tulipewa yote kwa pamoja ndani ya siku chache. Wasafiri kutoka nje waliwekwa hotelini: hiyo ilikuwa karantini. Waliopimwa wakakutwa na virusi walilazwa: hiyo ilikuwa “isolation”. Nchi nzima ikasimamishwa shughuli: hiyo ni “lockdown”, ambayo Waganda waliiita omuggalo, yaani kufungwa. Usiku tukakatazwa kutoka: hiyo ni “curfew”, amri ya kutotembea usiku. Mambo manne, makusudio manne, na vijijini yote yakaitwa karantini. Mtu aliyerudi kutoka safarini akaambiwa akae karantini alijibu, kwa haki kabisa, kwamba sote tuko karantini, mimi nina nini cha zaidi?

Neno la tatu: kufuatiliwa

Katika Ebola kuna jambo la tatu ambalo si kulazwa wala karantini, nalo ndilo linalowahusu watu wengi zaidi. Kiingereza huliita “contact follow-up”. Ili kulielewa, lazima tutofautishe kwanza maambukizi na ugonjwa. Virusi vya Ebola vikimwingia mtu huchukua siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kuonekana, na katika siku hizo, kabla ya dalili, hamwambukizi mwenzake. Korona si hivyo: mtu huweza kuambukiza kabla hajajisikia vibaya. Ndiyo maana amri za Korona zilikuwa za kuwakalisha watu ndani, na kwa Ebola silaha kuu ni kumtazama mtu kila siku hadi siku ya 21.

Hebu tuone linavyofanyika. Mhudumu anafika kwenye boma. Hashiki mkono, haingii ndani, anasimama umbali wa hatua mbili. “Habari za asubuhi, mama. Mmeamkaje?” Anamwomba mama atoke kwenye mwanga, anaelekeza kipimajoto kwenye paji la uso bila kumgusa, anasoma namba kwa sauti ili mama naye asikie. Anauliza kuhusu kichwa, kutapika, kuhara, uchovu. Anaandika. Kisha anasema: “Leo ni siku ya tisa. Zimebaki kumi na mbili.” Anaaga, anakwenda nyumba nyingine. Mama anabaki na shughuli zake za nyumbani. Kesho mhudumu atarudi.

Sentensi ile, “leo ni siku ya tisa”, ina thamani ya dawa. Inamwambia mama kwamba yeye si mgonjwa, kwamba kuna mwisho, na kwamba mtu anamhesabia. Mhudumu akisema “wewe ni kontakti, umetengwa siku ishirini na moja”, ameharibu kazi yake mwenyewe, kwa sababu kesho huenda asimkute mtu. Neno letu ni kufuatiliwa, na aliyekaribiana na mgonjwa tumwite hivyohivyo: aliyekaribiana na mgonjwa. Ni refu kuliko kontakti, lakini halihitaji kuelezwa.

Mshukiwa ni nani?

Nije kwenye jozi nyingine. Wataalamu wa afya, kwa Kiingereza chao, huwagawa wagonjwa katika mafungu: anayedhaniwa, anayeelekea kuwa na ugonjwa lakini hana kipimo cha maabara, na aliyethibitishwa. Fungu la kwanza wao huliita “suspected case”. Magazeti, kwa kutaka kichwa kifupi, yakaandika “Ebola suspects”, na redio zikatafsiri: washukiwa wa Ebola. Hapo mpaka umevukwa. “Suspect”, likiwa nomino, ni mtu wa polisi. Kwa Kiswahili vivyo hivyo: mshukiwa wa wizi, mshukiwa wa mauaji. Mwenye homa akisikia ni mshukiwa, halafu akaona gari linakuja na watu waliofunika nyuso, atafanya kile ambacho mshukiwa yeyote hufanya.

Na wengi wa wanaodhaniwa hukutwa na malaria au homa ya matumbo, wakapewa dawa wakaenda zao. Jina la mshukiwa huwafuata hadi sokoni hata baada ya damu yao kusema hawana. Tuseme “anayechunguzwa”. Akithibitishwa, tuseme “mgonjwa wa Ebola”. Akipona, tusimwite mwathirika, kwa kuwa amekwisha kulishinda jambo. Tumwite aliyepona, au manusura.

Kupima nini?

Jozi ya mwisho ni fupi na hatari. “Screening” ni ule uchunguzi wa haraka pale Mpondwe: joto, dalili, maswali mawili matatu. “Testing” ni kuchukua damu na kuipeleka maabara. Kiswahili husema kupima kwa yote mawili. Mtu anavuka, joto lake ni la kawaida, anafika sokoni anatangaza: “Nimepimwa, sina Ebola.” Kipimajoto hakijui Ebola. Kinajua kwamba saa ile hana homa, na huenda homa yake itaanza siku ya kumi. Dawa ya mkanganyiko huu ni kuongeza nomino moja tu: kupima joto, kupima damu. Wahudumu wa mpakani wakisema “tumekupima joto, endelea kujiangalia”, wamesema ukweli na hawajampa mtu kinga asiyokuwa nayo.

Tunachoweza kufanya

Mwaka 2014, wakati Afrika Magharibi ilipokuwa ikizika maelfu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi. Timu za mwanzo zilijali usalama tu: mwili unafungwa, unazikwa, basi. Familia zilificha maiti zao. Mwongozo ule ukaitwa wa mazishi salama na ya heshima, na neno heshima lilileta kazi: familia iarifiwe, sala zisomwe, jamaa waone kaburi. Neno moja lililoongezwa kwa nia njema lilibadili utaratibu mzima. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haya ni mambo ya walimu wa lugha.

Hapa Kasese tuna nafasi isiyopatikana kila mahali. Anayetoka Kongo huleta maneno ya Kifaransa, tuliosoma Uganda tuna ya Kiingereza, na wote tunakutana katika Kiswahili, sokoni na mpakani. Tangu Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda limeagiza Kiswahili kifundishwe katika shule za msingi na sekondari, na mwaka huohuo Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi iliyobaki inatuhusu sisi.

Naomba mambo matatu. Kwanza, wahudumu wa afya wa vijiji, walimu na watangazaji wa redio wa Kasese na Bwera wakae pamoja na wenzao wa Kasindi, wakubaliane juu ya orodha fupi ya maneno: kulazwa katika wodi ya peke yake, karantini, kufuatiliwa, kufunga mtaa, anayechunguzwa, aliyethibitishwa, kupima joto, kupima damu. Kila neno liwe na sentensi moja ya maelezo kwa Kiswahili, na moja kwa Lhukonzo na Kinande. Pili, kazi hii ifanyike sasa, wakati hakuna king'ora barabarani, kwa kuwa siku ya mlipuko hakuna mwenye muda wa kuchagua maneno. Kila mtu hushika lililo karibu. Tatu, walimu waziingize jozi hizi katika masomo yao ya Kiingereza na Kiswahili, kama wanavyofundisha “borrow” na “lend”. Mtoto wa darasa la sita anayejua kwamba shangazi yake anafuatiliwa na hajalazwa atawatuliza watu wazima wa nyumba nzima.

Ebola ilifika kwetu mwaka 2019 ikitokea ng'ambo ya mto, na mwaka 2007 ilizuka Bundibugyo, wilaya jirani. Mnajua itarudi. Siku hiyo mhudumu atasimama mlangoni kwa mtu na kumweleza jambo ambalo mtu huyo hataki kulisikia. Tumpe maneno ambayo mtu akiyasikia atabaki nyumbani, atajibu maswali, na atakubali kupanda gari akiugua.